Macho ya njano: mganga wetu alisoma lini mara ya mwisho?

Mtu wa Chiwata akiamka macho yamekuwa ya njano na mkojo una rangi ya chai ya rangi, haendi Muhimbili moja kwa moja. Anakwenda kwa mganga au muuguzi aliye karibu, yule anayemfahamu kwa jina. Huyo ndiye anayeamua kama ni malaria, kama mgonjwa arudi nyumbani na vidonge, au kama familia itafute nauli ya kushuka hadi Ndanda au Masasi leo leo. Uamuzi wake unatokana na alichofundishwa chuoni, pengine miaka 15 iliyopita, na chochote alichojifunza baadaye. Makala hii inahusu hicho alichojifunza baadaye.

Wataalamu wanayaita mafunzo endelevu. Si kurudi chuo kwa miaka miwili. Ni semina ya siku mbili, ni somo linalofuatwa kwa simu, ni kukaa na daktari bingwa aliyekuja kwa wiki moja, ni kikao cha Ijumaa ambapo mhudumu mmoja anaeleza mgonjwa aliyemshinda na wenzake wanamuuliza maswali. Sheria ya mwaka 2017 inayosimamia madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi iliyafanya mambo ya leseni kuwa mazito zaidi, na siku hizi mwenye leseni anatakiwa kuonyesha kwamba ameendelea kujifunza. Wauguzi na wakunga nao wana baraza lao lenye utaratibu kama huo. Kwenye karatasi, basi, kila anayetupokea zahanati ni mwanafunzi wa maisha. Tunachotaka kukiangalia ni kama masomo hayo yanapanda mlima na kufika uwanda wa Makonde, na kama yakifika yanagusa tumbo, ini na kongosho, au yanaishia kwenye magonjwa yenye wafadhili wakubwa.

Tuanze na ini lenyewe, maana linadanganya. Njano ya macho siyo ugonjwa, ni alama. Damu ikiharibika kwa kasi, kama katika malaria kali au selimundu, macho huwa njano. Ini likishambuliwa na virusi, pombe, dawa au sumu, macho huwa njano. Njia ya nyongo ikizibwa na kijiwe au uvimbe, macho huwa njano vilevile. Mganga mwenye kipimo cha haraka cha malaria peke yake mezani anaweza kukiona chanya, akatoa dawa mseto, akatulia. Lakini mtu wa huku kwetu anaweza kuwa na vijidudu vya malaria kwenye damu na ugonjwa wa ini kwa wakati mmoja. Aliyefundishwa vizuri atauliza maswali ambayo hayahitaji mashine yoyote: choo chako kimekuwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi? Unawashwa mwili mzima? Tumbo limejaa maji? Umetapika damu, au choo ni cheusi kama lami? Umekula dawa gani wiki hizi, za hospitali na za miti shamba? Choo cheupe na muwasho humwelekeza kwenye njia iliyoziba, na mgonjwa huyo anahitaji ultrasaundi na pengine upasuaji. Kumpa dripu za maji ya glukosi wiki nzima ni kumpotezea muda.

Kongosho ni mbaya zaidi kwa sababu halionekani wala halishikiki. Limelala nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo. Linatengeneza maji ya kuyeyushia chakula na pia insulini inayotawala sukari. Likivimba ghafla, maumivu hukaa juu ya kitovu na kutoboa hadi mgongoni, mgonjwa hujikunja mbele na kutapika. Sababu mbili kubwa duniani ni mawe ya nyongo na pombe. Katika msimu wa mabibo, uraka unapojaa madumu na nipa inapochemshwa, mganga wa uwanda wa Makonde ana kila sababu ya kulikumbuka kongosho. Tunaogopa kwamba mara nyingi hulikumbuka wa mwisho, baada ya vidonda vya tumbo, minyoo na gesi.

Na hivyo vidonda vya tumbo ndivyo vinavyoonyesha jinsi elimu inavyoweza kuchelewa njiani. Mpaka leo utasikia kijiweni, na pengine hata kwenye duka la dawa, kwamba vidonda vinaletwa na mawazo, pilipili na kukaa na njaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walionyesha kwamba bakteria aitwaye Helicobacter pylori anaishi ndani ya tumbo na ndiye chanzo cha vidonda vingi. Marshall hata alimnywa bakteria huyo ili kuthibitisha. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. Maana yake kwa mgonjwa ni kubwa: vidonda vingi vinapona kwa kutumia antibiotiki sahihi zikichanganywa na dawa ya kupunguza asidi, dozi ikamalizwa. Lakini mtu anayekunywa maziwa na dawa ya kupoza kila akiumwa, miaka kumi mfululizo, hajatibiwa. Chanzo cha pili ni dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Wapulizia dawa ya mikorosho na wabeba magunia wanazimeza kama karanga kwa sababu ya mgongo, halafu wanashangaa choo kinapokuwa cheusi. Mganga asipouliza kuhusu dawa hizo, atatibu moto huku mafuta yanaendelea kumwagwa.

Homa ya ini ndiyo sehemu ambayo mambo yamebadilika karibuni kabisa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wanaishi na homa ya ini aina ya B, na milioni 50 na aina ya C, na kwamba homa ya ini iliua watu wapatao milioni 1.3 mwaka huo. Wengi hawana dalili yoyote kwa miaka 20 au 30, mpaka ini linapojaa makovu au kuota saratani. Zamani mtu aliyekutwa na virusi vya B aliambiwa asubiri, aje kila baada ya miezi kadhaa, na vigezo vya kumwanzishia dawa vilikuwa vigumu kiasi kwamba hospitali ya wilaya haikuweza kuvipima. Machi 2024 shirika hilo lilitoa mwongozo mpya unaolegeza vigezo na kuruhusu wagonjwa wengi zaidi kuanza dawa mapema, wakiwemo vijana kuanzia miaka 12. Njia mojawapo ya kukadiria makovu ya ini sasa ni hesabu ndogo inayotumia vipimo viwili vya damu vya kawaida, kimoja cha kimeng'enya cha ini na kingine cha idadi ya chembe sahani. Hakuna kuchomwa sindano ndani ya ini. Aina ya C nayo, iliyokuwa ikitibiwa kwa sindano za mwaka mzima zenye mateso, sasa huponywa kabisa kwa vidonge vya wiki 12 kwa wagonjwa walio wengi.

Mganga aliyemaliza chuo mwaka 2012 hakufundishwa lolote kati ya hayo. Si kosa lake. Lakini kama hakuna aliyemletea habari hiyo, mgonjwa wake wa mwaka huu anatibiwa kwa elimu ya mwaka 2012.

Kuna jambo moja hapa linalotukera, na tutalisema. Dawa kuu ya homa ya ini B ni tenofovir. Dawa hiyo hiyo imo ndani ya kidonge wanachotumia watu wengi wanaoishi na VVU. Ina maana mtu mwenye VVU na homa ya ini B kwa pamoja, akihudhuria kliniki yake vizuri, ini lake linalindwa pia. Mwenzake mwenye homa ya ini peke yake hana mpango mkubwa kama ule uliomzunguka: hana mshauri, hana mtu wa kumfuatilia akikosa tarehe, na mara nyingi hana hata mhudumu aliyefundishwa kumweleza ana nini. Fedha za wafadhili zilijenga shule kubwa ya VVU, kifua kikuu na malaria kwa wahudumu wa vijijini, na shule hiyo imeokoa watu wengi sana. Ini halikupata shule yake.

Turudi kwenye ardhi yetu, kwa sababu uwanda huu si mgeni wa kufundisha na kufundishwa. Bonde kwa bonde kutoka Chiwata kuna Lulindi, ambako mwaka 1935 alifika daktari kijana wa misheni ya UMCA, Leader Stirling. Alifanya upasuaji katika majengo ya miti na nyasi na akawafundisha vijana wa hapa uuguzi na utabibu akiwa nao kitandani kwa mgonjwa. Kuanzia mwaka 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Na mwaka 1952 ugonjwa wa homa na viungo ulipoenea katika wilaya za Masasi na Newala, Dk. Marion Robinson aliandika kwa makini alichokiona kwa wagonjwa, na ulimwengu mzima ukachukua jina la ugonjwa huo kutoka Kimakonde: chikungunya. Mhudumu wa kijijini anayeandika anachokiona anaweza kuwafundisha wa mjini.

Mfano wa karibu zaidi na tumbo ni wa muhogo. Mwaka 1988, wakati wa ukame, familia katika wilaya ya Masasi zilianza kuugua muda mfupi baada ya kula: kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, moyo kwenda mbio. Mtu angeweza kudhani ni sumu ya kutegwa au kipindupindu. Watafiti wakiongozwa na Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walipofuatilia, walikuta muhogo mchungu uliotengenezwa haraka haraka kwa sababu ya njaa, ule unga wa chinyanya: unamenywa, unatwangwa, unaanikwa kidogo, unapikwa. Sayanidi haikupata muda wa kutoka. Bibi zetu waliokuwa wakikausha makopa kwa siku nyingi walijua walichokuwa wakifanya. Njaa ndiyo iliyofupisha kanuni. Baadaye ilikuja mbinu ya kulowanisha unga, iliyotokana na kazi ya Howard Bradbury wa Australia na kufundishwa kwa akina mama katika mikoa ya kusini. Unaukoroga unga na maji, unautandaza mwembamba, unauacha saa mbili juani au saa tano kivulini kabla ya kusonga ugali. Haina gharama.

Kisa cha muhogo kina upande wa pili usiojulikana sana. Kwa miaka mingi vitabu vya udaktari vilidokeza kwamba sayanidi ya muhogo huharibu kongosho na kuleta kisukari kwa watu maskini wa nchi za joto. Ilionekana hoja nzuri. Mwaka 1992 watafiti wa Dar es Salaam, akina Swai na McLarty, walichapisha utafiti wao kwa jamii ya Kitanzania inayokula muhogo, na hawakukuta kisukari kimezidi. Mganga mwenye kitabu cha zamani bado anaweza kumkataza mgonjwa wa kisukari wa Newala asiguse muhogo kwa sababu ya sumu inayoua kongosho. Cha kumshauri ni kiasi cha ugali anaokula, wa muhogo na wa mahindi pia, na kuhakikisha muhogo umeandaliwa vizuri. Kwa hiyo mafunzo endelevu hayaongezi tu mambo mapya kichwani. Mara nyingine yanafuta.

Kisha kuna sumukuvu, na hapa gharama ya kuchelewa kujua ilionekana wazi. Katikati ya mwaka 2016, katika vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walianza kuugua macho ya njano, maumivu ya tumbo, kutapika na tumbo kujaa. Kwa wiki kadhaa ulikuwa ugonjwa usio na jina. Hatimaye ilithibitika kuwa ni sumu ya ukungu katika mahindi waliyolima na kuhifadhi wenyewe. Watu 68 walihesabiwa kuugua na 20 kati yao walikufa. Kenya ilikuwa imepata msiba mkubwa zaidi mwaka 2004 katika maeneo ya Makueni na Kitui: wagonjwa 317, vifo 125. Maana yake, miaka 12 kabla ya Dodoma, somo hilo lilikuwa limeshaandikwa ng'ambo ya mpaka tu. Mhudumu wa kwanza kabisa angekuwa amelisikia, angeuliza mapema: mnakula mahindi ya wapi, na yanafananaje?

Sumukuvu hupenda mahindi na karanga, na sisi ni watu wa karanga. Kituo cha utafiti cha Naliendele kilitoa mbegu za karanga zenye majina ya kwetu kabisa, Masasi, Mangaka, Nachingwea, lakini mbegu nzuri ikianikwa kwenye udongo wenye unyevu huota ukungu kama mbegu nyingine. Sumu hii haifi kwa kupikwa wala kukaangwa. Punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu, kwa hiyo kuzichagua na kuzitupa kunasaidia sana, mradi zisiishie kwenye karanga za kusaga. Anika juu ya turubai au mkeka, kausha mpaka punje iwe ngumu kwa jino, hifadhi juu ya chaga. Na tuseme kwa nini mganga wa ini anahusika na ghala lako: mtu mwenye virusi vya homa ya ini B anayekula sumukuvu kidogo kidogo kwa miaka yupo katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya ini kuliko mwenye kimoja tu kati ya viwili hivyo.

Sasa vikwazo. Zahanati nyingi zina wahudumu wawili au watatu. Mmoja akienda semina Masasi siku mbili, aliyebaki anazalisha, anachanja, anatoa dawa na kuandika vitabu. Wakienda wote, mlango unafungwa. Masomo ya mtandaoni yalipaswa kuondoa tatizo hilo, na kwa kiasi fulani yameliondoa, lakini bando linatoka mfukoni mwa mhudumu, na mtandao kwenye kingo za uwanda una tabia ya kuonekana juu ya kichuguu tu. Halafu kuna mazoea ya posho. Semina yenye posho hujaa hata kama mada haimhusu aliyekaa kwenye kiti. Kikao cha bure cha kujadili mgonjwa aliyefariki wiki iliyopita hukosa watu. Hatusemi wahudumu ni wapenda fedha, mishahara yao tunaijua. Tunasema pointi za leseni zinaweza kukusanywa bila mgonjwa hata mmoja wa macho ya njano kutibiwa tofauti na jana. Kuhesabu saa za darasani ni rahisi. Kuangalia kama rufaa za ini zimeanza kufika mapema zaidi ni kazi, na ndiko tungependa wasimamizi waangalie.

Kinachowezekana bila kusubiri fedha nyingi ni kuitumia ngazi ya rufaa kama shule. Mgonjwa akitoka Chiwata kwenda Mkomaindo, Newala au Ndanda, na kutoka huko kwenda Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, Mtwara, hubeba karatasi ya kwenda. Karatasi ya kurudi ndiyo hupotea. Aliyemtuma hapati kujua kama ilikuwa kijiwe cha nyongo, saratani au homa ya ini, kwa hiyo hajifunzi kitu kwa mgonjwa wake mwenyewe. Ujumbe mfupi wa simu kutoka kwa daktari wa hospitali kwenda kwa aliyetoa rufaa, wenye mistari mitatu, ungefundisha kuliko semina nyingi. Kuna maeneo madaktari hufanya hivyo kwa hiari yao, kwa simu zao wenyewe. Ingekuwa amri, si hisani.

Pia kuna mlango mpya. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kufundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano. Hawa ni watu wa vijijini kwetu, wanaopita nyumba kwa nyumba. Si kazi yao kutibu ini. Lakini wakifundishwa alama nne tu, yaani macho ya njano, tumbo kujaa maji, kutapika damu na choo cheusi au cheupe, mgonjwa atatoka nyumbani wiki tatu mapema. Wanaweza pia kuondoa woga usio na maana. Homa ya ini B haiambukizwi kwa kula sahani moja ya ugali wala kupeana mkono. Huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Wembe mmoja unaopita kwa watu wengi, iwe ni kwa chale za dawa, jandoni au kwa kinyozi, ndio wa kuogopa.

Kwa msikilizaji mwenye simu mkononi, haya ya kuangalia nyumbani. Chanjo ya homa ya ini B iliingia katika chanjo za watoto Tanzania mwaka 2002, na kwa miaka mingi imekuwa ikitolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kwa hiyo kama ulizaliwa kabla ya hapo, haikukukuta ukiwa mtoto. Mtu mzima hupimwa kwanza. Akiwa hana virusi, hupata dozi tatu katika muda wa miezi sita. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apate dozi yake ya kwanza ndani ya saa 24 za kuzaliwa, hasa mama akiwa na virusi, kwa hiyo mjamzito aulize kliniki kama amepimwa homa ya ini na kama dozi hiyo inapatikana hospitali atakayojifungulia. Aulize mapema, siyo siku ya uchungu.

Na ukikaa mbele ya mganga, mtajie dawa zote ulizomeza, hata zile za mzee wa jirani, na kiasi cha pombe bila kupunguza. Si polisi yule. Akisema hajui, asikushtue. Wa kuogopa ni yule anayejua kila kitu. Mwombe aandike kwenye rufaa anachokishuku, kisha ukirudi kutoka hospitali mpelekee majibu ayasome. Kamati ya afya ya kituo nayo, ambayo wajumbe wake ni wanakijiji wenzetu, ina haki ya kuuliza katika kikao chake: mwaka huu wahudumu wetu wamesoma nini, na nani alibaki zamu walipokwenda?